Wapagazi 64 na Mzinga Mmoja

Sanamu yangu ya kwanza ilikuwa askari wa plastiki mwenye urefu wa milimita 24, na niliiharibu kwa usiku mmoja. Nilikuwa nimestaafu kazi ya kuchora ramani miezi michache nyuma, mikono ikiwa bado inatafuta kalamu kila asubuhi, ndipo mpwa wangu anayeishi Hamburg aliponiletea boksi la askari wa jeshi la Ujerumani la Afrika Mashariki wa vita vya 1914 hadi 1918, wale ambao wazee wetu hapa Tanga waliwaita askari wa Mdachi. Nilinunua rangi ya mafuta ya kupakia milango na brashi mbili za watoto wa shule, nikafunga dirisha ili mbu wasiingie, nikaanza. Kulipokucha nilimkuta askari wangu amevimba ndani ya rangi kama andazi lililosahauliwa karaini. Vifungo, mkanda na hata pua, vyote vilikuwa vimezama.

Baadaye nilielewa kwamba kosa hilo hufanywa na karibu kila anayeanza. Rangi ya sanamu ndogo sharti iwe nyembamba kama maziwa, ipakwe mikono miwili au mitatu, na kila mkono ukauke kabla ya mwingine kufuata. Hata nilipohamia kwenye rangi za akriliki, ambazo huchanganywa kwa maji, bado joto la Tanga lilinisumbua, kwa sababu zilikuwa zikikaukia kwenye ncha ya brashi kabla sijamaliza mkono mmoja wa shati. Dawa niliyoipata ni sahani ya bati yenye sponji iliyoloweshwa, juu yake karatasi ya kuokea keki, na rangi juu ya karatasi hiyo. Unyevu hupanda taratibu na rangi hukaa hai kwa saa kadhaa. Feni huzimwa. Kazi yenyewe naifanya kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 2 asubuhi, kabla jua halijawa kali na kabla wajukuu hawajaamka na kutaka kujua kila kitu kinauzwa shilingi ngapi.

Nilikusudia kwanza kutengeneza mandhari ya vita vya Tanga vyenyewe, vya tarehe 2 hadi 5 Novemba 1914, wakati wanajeshi wapatao 8,000 walioletwa na Waingereza kutoka India waliposhindwa na kikosi cha kamanda wa Kijerumani von Lettow-Vorbeck kilichokuwa na watu kiasi cha 1,000 tu. Kila mtoto wa mji huu amesimuliwa habari za nyuki waliowavamia watu vitani siku ile. Nikakaa na kikokotoo: nyuki mmoja kwa skeli yangu ya 1:72, ambayo hupunguza kila kitu mara 72, ana urefu wa takriban milimita 0.2, yaani ni vumbi. Vita vya Tanga bila nyuki sikuwa na hamu navyo, kwa hiyo nikavihamishia kando na kuchagua jambo lingine, la mizinga ya manowari Königsberg.

Manowari hiyo ya Kijerumani iliizamisha meli ya Kiingereza Pegasus bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha katika delta ya mto Rufiji. Tarehe 11 Julai 1915, baada ya kupigwa vikali na meli mbili za Kiingereza, Severn na Mersey, mabaharia wake wakaiharibu wenyewe isije ikatekwa. Hata hivyo mizinga yake 10 ya sentimita 10.5 ilitolewa majini, ikapelekwa Dar es Salaam, ikatengenezewa magurudumu katika karakana ya reli, na kuanzia hapo ikawa mizinga ya nchi kavu iliyovutwa kwa kamba na watu. Picha niliyoiona akilini ilikuwa ya mzinga mmoja, barabara moja ya vumbi, askari wanane na wapagazi 12. Nilidhani 12 wanatosha.

Nilianza na askari, na kwa askari nilianza na nyuso. Katika seti za rangi kuna kichupa ambacho lebo yake husema ni rangi ya mwili, na ukikifungua unakuta waridi iliyochanganywa na maziwa, rangi ya mwili wa mtu wa Ulaya ya kaskazini. Kwa hiyo nikakiweka pembeni, nikazikazia macho picha za zamani za askari, zile za vitabuni, ambazo nyuso ndani yake zinaonekana nyeusi tii, nikachanganya kahawia na nyeusi nyingi, nikapaka. Macho nikayatia nukta nyeupe. Nilijiona fundi. Siku hiyo alikuja shangazi yangu, ambaye ni mzaliwa wa Handeni na sasa amepita miaka 80. Nikamwamkia, nikamkalisha, nikampa kioo cha kukuzia ili aone kazi.

Alitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, hawa watu wamepakwa masizi? Na mbona wote wamemwona jini?"

Nilijitetea kwamba nimefuata picha. Shangazi hakubishana nami kuhusu picha. Alinyoosha mkono wake juu ya meza, chini ya taa, akaniambia nitazame. Nilitazama mkono niliokuwa nikiuona tangu utotoni na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba kwenye kifundo palikuwa na wekundu wa tofali, kwenye mkunjo wa kiwiko palikuwa na zambarau, na pale mwanga wa taa ulipopiga palikuwa na rangi ya asali. Nyeusi haikuwamo popote. Baadaye, nilipokuwa nikisoma kuhusu upigaji picha wa zama hizo, nikakuta sababu ya kosa langu: sahani za picha na filamu nyingi za wakati ule hazikuwa na uwezo wa kuona wekundu, kwa hiyo kila chenye wekundu ndani yake kilitoka cheusi kuliko kilivyokuwa, na kila chenye bluu kilitoka cheupe kuliko kilivyokuwa. Ngozi ya kahawia, ambayo imejaa wekundu, ilitiwa giza na kemikali. Nilikuwa nimewapaka babu zangu rangi ya kasoro ya filamu.

Niliwaogesha askari wote wanane kwa sabuni na spiriti, nikawaanza upya, na mchanganyiko nilioufikia baada ya majaribio mengi ndio ninaoutumia hadi leo. Msingi ni kahawia iliyoiva yenye tone la nyekundu nzito. Kivuli, yaani chini ya kidevu, ndani ya sikio na chini ya ukingo wa tarbushi, nakitengeneza kwa kuongeza bluu kwenye msingi, kamwe si nyeusi. Mwangaza wa kipaji, pua na shavu nauongeza kwa rangi ya udongo wa manjano na chembe ya chungwa. Hapa ndipo wengi huharibu, kwa kuwa mazoea ya kuchora hutuambia kwamba ukitaka kung'arisha rangi utie nyeupe. Lakini nyeupe ikiingia kwenye kahawia, ngozi hupauka, na utapata askari anayeonekana hajapata mafuta ya kujipaka tangu azaliwe. Viganja na nyayo zina rangi yake nyepesi. Macho kwa skeli hii siyachori kabisa. Ukimtazama mtu mita 20 mbali huoni weupe wa macho yake, unaona kivuli tu chini ya nyusi, na kivuli ndicho ninachopaka. Tena si haki kuwapaka wote rangi moja kutoka sahani moja, maana jeshi lile lilikuwa na Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema na wazao wa Wasudani walioajiriwa na afisa wa Kijerumani von Wissmann huko Misri mnamo 1889, na ukipita sokoni hapa Ngamiani leo hutaona watu wawili wenye weusi mmoja.

Kaki ilinipa somo la pili, na hili lilinichukua mwezi mzima. Kwenye chupa kaki ni rangi moja, ila katika Afrika Mashariki ya 1916 haikuwa moja, kwa sababu njia za bahari zilikuwa zimefungwa, nguo za kutoka Ulaya zilikuwa zimekwisha, na Wajerumani walilazimika kufumisha kitambaa humu humu nchini na kukitia rangi ya kienyeji. Rangi hiyo ilitoka katika mizizi ya mdaa. Niliposoma jina hilo nilishtuka, maana mdaa naujua, na wasusi wa mikeka wa pwani wanaujua zaidi yangu. Nilimwendea mama mmoja anayesuka mikeka, akanipa kifungu cha mizizi na onyo la kutotumia sufuria ya mke wangu. Nilichemsha kwenye kopo la rangi, nikatumbukiza vipande vitatu vya merikani, nikavianika. Cha kwanza, kilichochovywa mara moja tu, kikatoka na rangi ya chai ya maziwa. Cha pili kilikolea kama mbegu ya ukwaju. Cha tatu nilikifua kwa sabuni na kukianika juani siku tano mfululizo, kikabaki na rangi ambayo sikuwa na jina lake, kitu kati ya mchanga na majivu, huku mshono ukiwa bado umeshika kahawia yake ya mwanzo.

Vipande hivyo vitatu vimebandikwa ukutani mbele ya meza yangu mpaka sasa. Kutokana navyo niliacha kupaka kikosi chote kaki ya chupa moja. Askari mmoja ana shati jipya na suruali iliyochujuka, mwingine amerithi koti la mtu mrefu kuliko yeye, na wote wana mishono iliyokolea kidogo kuliko kitambaa, jambo ambalo hufanyika kwa kutiririsha rangi nyembamba ya kahawia kwenye mikunjo na kuifuta iliyozidi kwa brashi kavu kabla haijashika. Nilijifunza pia kwamba rangi iliyolingana sawasawa na kitambaa halisi huonekana nzito mno juu ya mtu wa milimita 24. Lazima uipunguze makali kidogo, kwa maana hewa iliyopo kati ya jicho na kitu cha mbali huipausha rangi, na sanamu ndogo inamwigiza mtu wa mbali.

Mzinga wenyewe haukunisumbua sana, na nadhani ni kwa sababu chuma hakina uso. Nilivuka mpaka wa Horohoro kwenda Mombasa, maana ndani ya Fort Jesus umehifadhiwa mmoja wa mizinga ile ya Königsberg, nikausogelea na kuutazama muda mrefu kuliko wageni wengine walivyopenda. Mtutu wa aina ile una urefu wa mara 40 ya upana wa tundu lake, yaani mita 4.2, na kwa skeli yangu ni milimita 58. Niliutengeneza kwa mrija wa kalamu na karatasi zilizoviringishwa kwa gundi, magurudumu nikayakata kwenye plastiki ya ndoo. Nilipaka kijivu cha meli kwanza, juu yake nikagusa kwa sponji ndogo rangi ya chuma kilichochubuka pale kamba zinapopita, kisha vumbi. Kutu nilitia kidogo tu. Watengenezaji wengi wa magari na mizinga midogo hupenda kutu kupita kiasi, wakasahau kwamba mzinga unaopakwa grisi kila siku na mtu anayehofia maisha yake haupati nafasi ya kuota kutu kama bati la banda.

Baada ya hapo ndipo nikafika kwa wapagazi, na hesabu yangu ikanisuta. Niliwapanga wale 12 kwenye kamba mbele ya mzinga, nikarudi nyuma hatua mbili kutazama, nikaona kichekesho: watu 12 wakivuta tani za chuma kana kwamba wanavuta mtumbwi. Mizinga ile ilivutwa na mamia. Tena nyuma yake walikuja wabeba risasi, wabeba chakula, wabeba chakula cha wabeba chakula, na wake na watoto wa askari, ambao walifuatana na jeshi lile kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwa upande wa Waingereza mambo yalikuwa hayo hayo kwa ukubwa zaidi. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zote mbili zimebeba jina la kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps, na waliokufa katika kazi hiyo wanakadiriwa kukaribia laki moja, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa. Boksi nililoletewa halikuwa na mpagazi hata mmoja. Ilinibidi niwafinyange mwenyewe kwa udongo wa epoksi juu ya waya mwembamba, mmoja baada ya mwingine, watatu kwa juma nikiwa na afya, na nilipofika 64 ubao wangu wa sentimita 60 ukajaa.

Nilipomwonyesha shangazi kundi la kwanza la wabeba mizigo, nilitarajia aseme kitu kuhusu nyuso, ambazo sasa nilikuwa na imani nazo. Yeye aliangalia juu ya nyuso.

"Ngata ziko wapi?"

Nilikuwa nimeubandika mzigo moja kwa moja kwenye fuvu. Mtu wa kubeba kilo 25 kutwa nzima hawezi kwenda bila ngata ya kitambaa au majani kichwani, hilo kila mwanamke anayeteka maji analijua, nami nimeona ngata maisha yangu yote, lakini kwa kuwa nilikuwa nikitazama picha za vitabuni badala ya kichwa cha jirani yangu, sikuiona. Ndipo shangazi akanisimulia habari ambayo baba yangu hakuwahi kunisimulia: kwamba babu alichukuliwa na Wadachi akiwa kijana huko Handeni, na Waingereza walipoiteka Handeni Juni 1916 wakamchukua wao, akaendelea na mzigo ule ule ila bwana ndiye aliyebadilika. Alirudi na kipara cha duara utosini, kipana kama kisahani cha kikombe, ambacho hakikuota nywele tena hadi alipokufa. Niliing'oa ile mizigo yote kwa kisu, nikaviringisha nyuzi 31 za uzi wa kushonea kuwa ngata, kila moja na upana wa milimita 2, nikazitia rangi tofauti tofauti. Wawili kati ya wapagazi niliwatoa tarbushi nilizokuwa nimewapa kwa uvivu. Wakati huo huo niliwavua viatu.

Aprili iliyofuata nilipata hasara kubwa kuliko zote, na ilitokana na haraka. Nilitaka kumalizia kwa vanishi ya kupuliza isiyong'aa, na masika yalikuwa yameshika, hewa nzito kama shuka mbichi. Nilipuliza sanamu 22 kwa pamoja uani. Zilipokauka zilikuwa zimefunikwa na utando mweupe kama ukungu wa barafu, kwa sababu unyevu wa hewa ulinaswa ndani ya vanishi kabla haijakauka. Nilikaa chini ya mwembe nisiweze kusema neno. Kilichoniokoa ni kupaka kwa brashi vanishi inayong'aa, ambayo ilirudisha uwazi kwa sehemu kubwa, halafu nikaiua mng'ao kwa vanishi butu ya maji, nayo kwa brashi. Saba hazikupona, nikazirudia. Tangu hapo sipulizi kitu chochote hapa pwani kati ya Machi na Mei, na miezi mingine napuliza saa 8 mchana tu.

Ardhi ya mandhari ilikuwa raha tupu. Nilichukua udongo mwekundu, nikauchoma kwenye kikaango ili kuua wadudu na mbegu, nikauchekecha kwa kitambaa cha chandarua na kisha kwa kanga nzee, maana punje ya mchanga ambayo kwetu ni mchanga, kwa mtu wa 1:72 ni jiwe la kujikwaa. Nyasi ni nyuzi za katani zilizokatwa kwa mkasi na kusimikwa kwa kibano katika gundi ya mbao. Kamba ya kuvutia mzinga ni katani pia, nyuzi tatu zilizosokotwa. Katani ililetwa nchini mwaka 1893 na Richard Hindorf, miche 62 tu ndiyo iliyofika hai, kwa hiyo kufikia vita ilikuwa imekwishajaza mashamba ya Tanga na inayo haki ya kuwepo katika mandhari yangu.

Mpagazi wa 64 nilimweka nyuma kabisa, ameketi ukingoni mwa barabara, mzigo umetuliwa kando yake na ngata iko mkononi. Nilimpenda kuliko wote. Jasho la mabega yake nililitia kwa tone moja la vanishi inayong'aa, na vumbi likaishia magotini. Shangazi alikuja kuona kazi ikiwa imekamilika, akapita na kioo kutoka mwanzo wa kamba mpaka mwisho, akihesabu kwa sauti ya chini, akafika kwake na kusimama.

"Huyu mbona amekaa?"

"Amechoka, shangazi."

"Baba alisema aliyekaa alipigwa viboko," akasema, akanirudishia kioo. "Yuko wapi wa kumpiga?"

Sikuwa na wa kumpiga, na sikutaka kumfinyanga. Gundi ya mbao hulegea kwa maji ya vuguvugu, kwa hiyo nilimng'oa jioni ile ile, nikamkata kiunoni, nikamtengenezea miguu mipya iliyonyooka, nikamrudishia ngata kichwani na mzigo juu yake. Kazi hiyo ilichukua alfajiri tatu. Sasa anatembea, hatua mbili nyuma ya wenzake.